Somo: Kuchora Bila Kutazama Karatasi

Watu wazima wengi huacha kuchora kwa sababu jicho lao hukosoa mstari kabla haujafika mwisho, na mkono unaokosolewa kila sentimita hauthubutu kubuni. Zoezi hili huliondoa jicho kwenye karatasi na kulirudisha kwenye kitu kinachochorwa.

Hatua ya kwanza. Chukua kalamu ya wino, si penseli, na uweke kifutio mbali nawe. Chagua kitu cha nyumbani chenye kona nyingi. Mimi hupendekeza mbuzi ya kukunia nazi, kwani miguu yake inayopishana na ulimi wake wa chuma wenye meno hulilazimisha jicho kwenda polepole.

Hatua ya pili. Weka ncha ya kalamu kwenye karatasi, kaza macho kwenye ukingo mmoja wa mbuzi hiyo, kisha yaache yatambae kwa mwendo wa konokono huku kalamu ikiyafuata, usiiinue wala usitazame karatasi kwa dakika 5. Hapa ndipo wengi hukata tamaa, nami nawasihi mvumilie. Tunapochora kwa mazoea, akili hutupatia alama iliyokwisha kuihifadhi, kama vile nyumba ya kisanduku chenye paa la pembetatu, na mkono huinakili alama hiyo badala ya kitu kilicho mbele yetu. Mkono usioona ulipofika hauwezi kuinakili, hivyo hubaki kufuata kile ambacho jicho linakigusa wakati huo.

Hatua ya tatu. Sasa tazama mchoro. Miguu itakuwa imeachana na ubao, usiirekebishe. Tafuta kipande kimoja tu chenye mstari unaokuvutia, ukihamishie kwenye karatasi nyingine na ukiendeleze upendavyo. Mfaransa André Masson alikuwa na njia iliyo karibu na hii katika miaka ya 1920: aliiacha kalamu ikimbie bila mpango, kisha akaendeleza maumbo aliyoyaona yakichomoza katika mistari hiyo.

Maswali ya wanachama

Swali: Mwalimu, mimi huchora ramani za nyumba. Je, zoezi hili halitaniharibia mkono?
Jibu: Halitakuharibia. Vipimo utavirudia kwa rula kama kawaida, ila utakuwa umezoea kutazama ukuta wenyewe kabla ya kuuchora.

Swali: Sijasoma sanaa wala sina fedha za vifaa. Naweza kuanza?
Jibu: Anza leo, kwa kalamu na daftari la shule. Edward Saidi Tingatinga hakupitia chuo cha sanaa, na alipoanza kuchora Dar es Salaam mwishoni mwa miaka ya 1960 alitumia rangi za kupakia baiskeli juu ya vipande vya ubao mwembamba.

Swali: Nyumbani wanaicheka michoro yangu. Nifanyeje?
Jibu: Usiwaonyeshe kwa sasa. Andika tarehe kwenye kila ukurasa, ufunge daftari, na baada ya mwezi mmoja ulifungue ukiwa peke yako.