Jinsi ya kuomba MNucI na CEng kupitia Nuclear Institute, kwa wa kwetu mlioko Uingereza

Wakuu, hii ni kwa mliopo huku kwenye nyuklia, iwe Hinkley Point, Sellafield au uko ofisini tu unapiga mahesabu. Fomu yenyewe haina shida, sivii, vyeti, mchoro wa nani bosi wa nani kazini, hayo mnayajua siyagusi.

Kwanza elewa unaomba vitu viwili. MNucI ni uanachama wa Nuclear Institute yenyewe (ilizaliwa 2009 vyama viwili vya zamani vya nyuklia, BNES na INucE, vilipoungana, ndio maana wazee wengine bado wanaitaja INucE). CEng, yaani Chartered Engineer, ni usajili wa Engineering Council, chombo cha usajili wa wahandisi Uingereza, Nuclear Institute wana leseni ya kukupima kwa niaba yao. Unaweza kuomba vyote kwa mpigo ila ada za mwaka ni mbili, usije ukashtuka. Kama uko hospitali kwenye eksirei na mionzi, angalia pia Society for Radiological Protection, huenda ndio kwenu zaidi.

Digrii. CEng wanataka elimu ya kiwango cha masters iliyoidhinishwa, na kama ya kwako ya nyumbani haimo kwenye orodha yao watakupima mmoja mmoja, kwa hiyo utahitaji transkripti yenye kila somo. Anza na hii kabla ya kitu kingine chochote. Chuo changu sikitaji, lakini binamu yangu alienda kule kuniombea kontrol namba ya kulipia transkripti akaambiwa mtandao uko chini, akarudi mtandao upo ila mhusika yuko likizo, na mhusika aliporudi kontrol namba ikawa imeexpaya. Hakikisha pia majina yanafanana na pasipoti, sisi wa majina matatu tunajulikana, cheti kinasema hivi, transkripti inageuza, pasipoti inakata la katikati.

Ushahidi wa kazi sasa. UK-SPEC, yaani vigezo vya Engineering Council vya kukupimia, kwa CEng ina vipengele 17 kwenye makundi matano, A mpaka E. Usimwage kila mradi uliowahi kuugusa, chukua mitatu minne uichimbe. Na acha ule ustaarabu wetu wa tulifanya, tulishauri, tulikamilisha, wanaosoma hawaipimi timu, wanataka wewe uliamua nini, ulikuwa na njia zipi nyingine na kwa nini ukaziacha. Juu ya hapo kuna Nuclear Delta, yaani uonyeshe unaelewa nyuklia inatofautianaje na uhandisi mwingine. "Nazingatia usalama" haikusaidii kitu. Kinu ukikizima bado kinatoa joto, mwanzoni kabisa kama asilimia 6 au 7 ya nguvu yake kamili, sasa eleza uamuzi wako kwenye pampu au umeme wa dharura uliguswaje na jambo kama hilo na ulijiridhishaje kwamba hatari imeshushwa kadiri inavyowezekana.

Halafu ndio panapouma. Taarifa nyeti za nyuklia zinalindwa, hata kama unazipeleka kwa wahandisi wenzako haziruhusiwi kutoka hovyo. Lazima watu wa ulinzi wa taarifa kazini kwako wapitie kila peji kabla hujapakia, na hatua hii hakuna anayekwambia mapema. Mafaili yangu yalikaa kwa jamaa mmoja, nikiuliza naambiwa yako kwenye foleni, foleni yenyewe ni yeye peke yake. Yaliporudi yamepakwa weusi mpaka kilichobaki ni jina langu na nukta. Dawa yake ni kumpelekea muhtasari wa peji moja kabla hujaandika, umuulize kipi hakitapita. Toa namba za majengo, michoro, mahali vifaa vilipo na chochote kinachohusu ulinzi wa eneo, andika "mfumo wa kupoza" basi, nguvu zako weka kwenye sababu za uamuzi, hizo ndizo zenye maksi na mara nyingi zinapita.

Wa kukuthibitishia awe mtu aliyeiona kazi yako kweli na mwenye usajili wake, sio bosi mkubwa anayekuita kwa jina la mwenzio. Mwandikie imeili ya kumkumbusha miradi, usimwachie akisie.

Intavyuu wanakuwa wawili au zaidi, wanaijua fomu yako kuliko unavyodhani. Kundi E, maadili na kujiendeleza, watu wanalidharau halafu wanababaika, kaa na mfano halisi wa siku ulipokataa kusaini au uliposimamisha kazi. Ukiulizwa kitu kinachogusa siri za eneo sema tu huwezi kukijibu hapo, mtu wa nyuklia kujua kunyamaza ni sehemu ya kazi.

Pesa: kampuni nyingi zinarudisha ada lakini pata idhini kwa maandishi kabla hujalipa, ukilipa mwenyewe cheki kwenye orodha ya HMRC (watu wa kodi wa Uingereza) kama unaweza kudai nafuu ya kodi. Na risiti ipakue siku hiyohiyo, ya kwangu niliitafuta baadaye kwenye akaunti wakati watu wa mishahara wameshafunga mwezi.