Msafara wa baiskeli Dar hadi Bagamoyo: soma mahali unapoachwa

Msafara wangu wa kwanza wa kwenda Bagamoyo niliachwa Kerege, tukiwa njiani kurudi. Tulikuwa watu 12. Kwenda nilijiona nina miguu ya chuma, kumbe upepo wa kusi ulikuwa unanisukuma mgongoni. Tulipogeuza, upepo ukahamia usoni, na kundi likaniponyoka polepole mpaka sikuliona tena.

Kaka mmoja mtu mzima, fundi baiskeli wa siku nyingi, alinisubiri Bunju. Aliniuliza mambo mawili tu. "Umekula nini tangu asubuhi, bwana mdogo?" Chai kavu. "Na masikioni ulikuwa unasikia upepo?" Safari nzima, kaka. Akaniambia basi miguu haina kosa. Haya ninayoandika hapa yote yametoka kwenye maswali yale mawili.

Hatua ya 1: Jiandae Jumamosi jioni

Jaza upepo, jaribu breki, safisha cheni na uitie oili. Beba tyubu ya akiba, pampu, vifaa vya kutolea tairi, na taa ya mbele na ya nyuma, maana mnaondoka Mwenge Jumapili saa 12 asubuhi na miezi mingine bado kuna giza. Asiye na helmeti asije.

Chakula ndicho wengi wanakipuuza. Safari nzima ni zaidi ya kilomita 100. Kula kabla ya kutoka, kisha ukiwa barabarani kula ndizi mbivu moja kila dakika 40 hata kama husikii njaa. Ndizi ya kawaida ina wanga wa gramu 25 hivi, na mwili unahitaji gramu 30 hadi 60 kwa saa kwenye safari ndefu. Ukisubiri njaa ikubishie hodi, umeshachelewa. Madafu ya njiani ni mazuri, ila yana chumvi kidogo kuliko jasho la Dar, kwa hiyo tia chumvi kidogo kwenye chupa yako ya maji.

Hatua ya 2: Kaa katikati, usikae mkiani

Mgeni hukimbilia nyuma kabisa akidhani ndiko kwenye usalama. Mkiani kunachosha. Wa mbele wakigusa breki kidogo, wewe unakaribia kusimama. Wakiongeza mwendo kidogo, wewe unakimbiza kwa nguvu zote. Kila kituo cha daladala, Tegeta na Boko, unalipa tena.

Anza kwa kuacha mita moja kati yako na mwenzako, uipunguze kadiri unavyomzoea. Usikodolee tairi lake; tazama mabega na kiuno, utaona anachotaka kufanya kabla hajakifanya. Na tairi lako la mbele lisipite kamwe pembeni ya tairi lake la nyuma. Akiyumba na matairi yakagusana, yeye ataendelea na wewe utaanguka, pamoja na walio nyuma yako.

Ukiona shimo, lionyeshe kwa kidole na upaze sauti. Ukisikia "gari nyuma!", pokea na upeleke mbele.

Hatua ya 3: Tafuta kinga kwa masikio

Hapa ndipo patamu. Mwendo ukiongezeka mara mbili, nguvu ya kupasua hewa inaongezeka mara nane. Ndiyo maana aliyejikinga vizuri nyuma ya mwenzake anaokoa karibu robo hadi theluthi ya nguvu zake. Mtazame mwendesha baiskeli Biniam Girmay wa Eritrea, aliyeshinda hatua tatu za mashindano ya Tour de France mwaka 2024: karibu safari yote anajificha katikati ya watu, anatoka upeponi mwishoni kabisa.

Lakini kinga haikai nyuma moja kwa moja siku zote. Ukirudi kutoka Bagamoyo kipindi cha kusi, upepo mara nyingi unakupiga mbele upande wa kulia. Basi kinga imehamia kushoto kidogo ya mgongo wa aliye mbele yako. Sogea taratibu, upana wa kiganja kwa kiganja, huku unasikiliza. Mvumo masikioni utapungua, halafu ghafla utasikia cheni yako mwenyewe. Hapohapo, tulia.

Nafasi hiyo anaitoa aliye mbele. Akibana mstari mweupe wa pembeni, wa nyuma hawana pa kujikingia ila kwenye mchanga. Ukiwa mbele, waachie wenzako nafasi kushoto, magari yakiruhusu.

Hatua ya 4: Shika zamu mbele

Zamu yako ikifika, usiongeze mwendo. Huo ndio ugonjwa wa wageni, na mimi niliuugua: unafika mbele, unataka uonekane una nguvu, kundi linakatika vipande. Shika mwendo uleule kwa dakika moja, tazama nyuma, toka pembeni, legeza miguu, urudi ndani. Huna nguvu? Sekunde 20 zinatosha, hakuna atakayekulaumu.

Hatua ya 5: Andika ulipoachwa, ufanyie kazi katikati ya wiki

Msafara unakuonyesha pengo. Kulijaza ni kazi ya siku za kawaida.

Kama unaachwa baada ya mataa na vituo, punguza gia kabla ya kusimama, si baada. Kisha Jumanne kimbiza baiskeli kwa nguvu zote sekunde 10, mara sita, ukipumzika dakika tatu katikati.

Kama unaachwa kwenye upepo ingawa umejikinga, Alhamisi fanya dakika 10 mara tatu, mwendo wa kukuruhusu kusema maneno matatu au manne tu kwa pumzi moja. Dakika tano za mapumziko kati yake.

Kama unaachwa saa ya mwisho kama mimi, kwanza rekebisha chakula. Halafu Jumamosi moja moja nenda peke yako kwa muda wa saa mbili au tatu, mwendo wa kupiga soga. Watu hawaupendi mwendo huu kwa sababu haujisifu, lakini ndio unaojenga moyo na pumzi.

Siku mbili za nguvu kwa wiki, Jumapili ikiwa mojawapo, zinatosha. Zilizobaki ziwe za taratibu au za kulala. Kila wiki ya nne punguza mazoezi karibu nusu.

Daftari langu la siku ile lina mstari mmoja: "Kerege, saa 3:10, upepo, njaa." Wiki sita baadaye niliandika: "Bunju, saa 3:40, baada ya kituo cha daladala." Chakula na upepo vilikuwa vimekaa sawa, nikaanza kazi ya gia.