Kupatanisha ndani na nje ya chombo cha anga cha kubuni

Vyombo vingi vya anga vya kwenye filamu na tamthilia vina kasoro moja: ndani ni pakubwa kuliko nje. Sababu yake iko studio. Umbo la nje ni modeli, ndani ni seti ya mbao, yaani chumba bandia cha kuigizia, na mara nyingi mafundi waliovijenga si walewale. Tena seti hupanuliwa ili kamera na taa zipate nafasi, kuta zake zinatolewa kila inapobidi, dari huenda haipo kabisa, na lenzi pana inazidi kukikuza chumba. Ukitaka kuchora ramani kamili ya chombo cha namna hiyo, au kujenga modeli yenye vyumba, amua kwanza kipimo kipi ndicho mkuu. Penseli baadaye.

Vipimo havina uzito sawa. Kinachoaminika kuliko vyote ni kile kilichoonekana pamoja na mtu: mwigizaji amesimama kando ya mlango wa nje, kwa mfano. Baada yake weka milango na madirisha yaliyo kwenye modeli, kisha urefu unaotajwa na wahusika. Mabango na vitu vya kuchezea viweke mwisho. Huwa vimechorwa ili vipendeze, basi.

Kupata skeli ni hesabu ya uwiano. Mlango wa mita 2 ukiwa na milimita 8 kwenye picha, na chombo kizima kina milimita 900, urefu wake ni mita 225. Lakini ukikosea nusu milimita kwenye mlango, umekosea zaidi ya asilimia 6, yaani kama mita 14 za chombo. Kwa hiyo pimia kitu kirefu: safu ya madirisha kumi, au lango la gati, yaani maegesho ya vyombo. Tafuta picha iliyopigwa kutoka mbali, ubavuni kabisa, maana picha ya karibu inakuza pua na kudumaza mkia.

Sasa chora, na uanze na mkato wa katikati kutoka pua hadi mkia, yaani chombo kionekane kama kimepasuliwa katikati. Wengi huanza na ramani ya sakafu kwa sababu vyumba vinavutia, halafu wanakuta kimo ndicho kilichowaangusha. Skeli ya 1:50 inatosha kwa chombo kidogo, 1:200 kwa kikubwa. Toa sentimita 30 za unene wa gamba, yaani ukuta wa nje wa chombo, pande zote. Kutoka sakafu hadi sakafu ya juu yake weka mita 3: mita 2.4 za watu, na 0.6 za mabomba, nyaya na njia za hewa. Gamba linapoinama, piga mstari pale kimo kinaposhuka chini ya mita 1.9, ng'ambo ya mstari huo ni stoo tu. Hasara yake ni kubwa kuliko inavyodhaniwa. Sitaha ya duara yenye nusu kipenyo cha mita 20, ikipoteza mita 4 za ukingo, imebakiwa na asilimia 64 ya sakafu.

Madirisha yanatawala sakafu. Katikati ya dirisha ikae kama mita 1.5 juu ya sakafu, na safu za nje zisipolingana na mita 3 zako, sogeza sakafu, kwa kuwa dirisha limeshaonekana na watazamaji. Dirisha linalokatwa na sakafu lipe ngazi au ukumbi wa ghorofa mbili. Kisha panga vyumba visivyo na hiari: chumba cha rubani, mlango wa kutokea nje, gati, injini. Vyumba vya kulala na stoo vitajaza mapengo.

Mwelekeo nao huleta matata. Daraja la uongozi, yaani chumba cha kuongozea chombo, la Enterprise katika tamthilia ya Star Trek ya kwanza iliyoanza kurushwa 1966, limegawanywa kama duara la vipande kumi, kila kimoja nyuzi 36. Skrini kuu iko mbele, lakini mlango wa lifti hauko nyuma kabisa. Umekaa kipande kimoja kushoto. Kwa nje, kuna kimnara kidogo nyuma, katikati kabisa. Ukisema kimnara hicho ndicho shimo la lifti, daraja zima inabidi ligeuke nyuzi 36, na nahodha atakuwa anatazama pembeni ya mwendo wa chombo. Suluhisho rahisi ni kuliacha daraja litazame mbele, lifti ishukie palepale penye mlango wake, na kimnara kipewe kazi nyingine. Hakuna picha ya tamthilia inayopingwa.

Chombo kidogo Galileo cha tamthilia hiyohiyo ni kigumu zaidi. Umbo la nje lililojengwa kwa ajili ya kupigwa picha lina futi 22 hivi, karibu mita 6.7, na waigizaji walisimama kando yake. Ndani wanasimama wima, jambo ambalo umbo lile haliruhusu. Wahusika wenyewe wanataja futi 24, mita 7.3. Chukua hizo 24: umekuza chombo kwa asilimia 9, kiasi ambacho jicho halikioni. Tuseme mkato wako wa umbo la nje unatoa kimo cha mita 1.5. Baada ya kukuza ni 1.64. Unahitaji 1.9, zimepungua sentimita 26. Shusha sakafu 20, punguza unene wa paa 6, umefika. Gharama yake ni kidato cha kushukia mlangoni ambacho skrini haikukionyesha, na hakikisha chini kumebaki nafasi ya hizo 20.

Kukuza chombo kizima hadi kila kitu kienee ni dawa ya mwisho. Asilimia 10 ya urefu inaongeza ujazo kwa asilimia 33, na matokeo yake ni korido tupu za kujaza, tena chombo hakiingii tena kwenye gati lake.

Kwenye kompyuta, programu za kuchora Blender na FreeCAD ni za bure na zinatosha. Tengeneza kila chumba kama sanduku, unene wa kuta ukiwemo. Punguza gamba kwa sentimita 30 upate uso wa ndani, halafu iagize programu itoe gamba hilo kwenye sanduku: kipande kinachobaki ndicho kinachotokeza nje. Gamba lenye tundu, au lenye nyuso zilizogeuzwa, za nje zikitazama ndani, litakupa jibu la uongo, kwa hiyo lizibe na kulikagua kwanza.

Ukaguzi wa mwisho ni wa miguu. Chukua onyesho ambalo kamera inamfuata mhusika bila kukata, uhesabu kona zake, kushoto na kulia, na hatua, kila moja kama sentimita 75. Fuata njia hiyo kwenye ramani yako. Akipita ukutani, rekebisha korido. Akitokeza nje ya gamba, rudi kwenye mkato. Onyesho lililokatwa katikati usilitumie kama ushahidi wa umbali, kwa sababu korido moja ya studio mara nyingi hupigwa picha mara tatu ikiwa na vibao tofauti vya milango.