Formasyo ya moto kwanza, kununua baadaye: mambo ya kuangalia hapa Lubumbashi

Wewe mwenye unapanga kununua moto (pikipiki), usitoe makuta kwanza, angalia mpangilio wa mambo. Hapa kwetu wengi wanaanza na moto yenyewe, eti ndugu atanionyesha jioni kwa parseli, kisha moto inakaa chini ya turubai wiki na wiki ikingoja mwenyewe azoee embreyaje, na asiransi imeshaanza kuhesabu. Mimi naona formasyo itangulie, permi ifuatie mara moja maana makaratasi hayana haraka kama wewe, kisha moto, na asiransi ianze siku ileile unaondoka nayo kwa muuzaji.

Tuseme ukweli juu ya hiyo asiransi. Ni lazima tangu sheria ya 1973, na polisi wa rulaje wanajua kuiuliza, lakini ile ya lazima inalipa mwenye umegonga, haitengenezi moto yako wala haitibu mguu yako. Inahesabu kuanzia tarehe iliyoandikwa kwa kontra, upande ao usipande. Zamani ilikuwa SONAS, kampuni ya asiransi ya serikali, peke yake, ila sheria ya 2015 ilifungua soko na sasa kuko kampuni zingine, basi pita milango miwili mitatu uulize: abiria wangu iko ndani? Na kama niko nabeba watu kwa franga? Hapo usidanganye hata kidogo, maana ukiandikisha moto ya kwenda kazini halafu jioni unachukua abiria pale soko ya Kenya, siku ya aksida wanaweza kukukatalia na utakosa la kujibu.

Formasyo inakusaidia pia kuchagua. Ukipanda moto ya otoekoli utajua kama miguu inafika chini vizuri, kama mkono inachoka na embreyaje, kama uzito unakushinda ukisimama kwenye mteremko. Kwa kutoka Katuba mpaka mjini moto ya 125 (ukubwa wa moteri) inatosha kabisa. Kama safari zako ni za kila mara kwa barabara ya Kasumbalesa, katikati ya malori ya shaba, unataka kitu kizito kidogo kisichoyumba lori ikikupita. Muuzaji yeye atakuambia zote ni nzuri (ni kazi yake).

Sasa wakati wenyewe, na hapa njo watu wanakosea sana. Wanapenda kujifunza mwezi wa saba, kavu kabisa, vumbi tu, wanatoka wanajiona mabingwa. Mvula yetu inaanza mwezi wa kumi ikielekea wa kumi na moja, inaenda mpaka wa tatu ao wa ine, na ile ya kwanza kwanza njo mbaya kuliko zote juu inachanganya vumbi na mafuta yenye magari yalimwaga miezi yote ya ukavu, barabara inakuwa sabuni. Kwa hiyo anza mwezi wa tisa mwisho, ili mvula ikukute ungali na moniteri. Mwambie akufundishe freni ya mbele, maana njo inasimamisha moto zaidi, wengi wanaiogopa wanakanyaga ya nyuma tu mpaka gurudumu linateleza. Unaikamata polepole huku moto imenyooka, siyo kwa kushtuka, siyo katikati ya kona, na kwa mchanga ao matope unapunguza mwendo mapema kabla hujafika. Otoekoli ikikuzungusha kwa uwanja tu bila kukupeleka barabarani, tafuta ingine.

Kaske nunua mbele ya formasyo, ikubane vizuri, na usichukue ya okazyo, huwezi kujua ilishaanguka wapi. Ya abiria pia. Moto ikiwa ya okazyo, angalia namba ya shasi ifanane na ya karte roze (karatasi ya moto yenye jina la mwenyewe), na jina liwe la yule anakuuzia, kama siyo rudi nyumbani.

Na kama shauri yako ni kuvuka Kasumbalesa, omba kwa kampuni ya asiransi karte ya njano ya COMESA (umoja wa biashara wa inchi za mashariki na kusini mwa Afrika), njo asiransi ya kuvuka nayo mpaka, Zambia wanaitambua. Kule wanaendesha kushoto, na tabu inakuja zaidi kwa rompwe kuliko kwa barabara nyoofu, basi hiyo pia mwombe moniteri mpitie pamoja angalau kwa kuchora chini.