Namna ya Kurudisha Jaruba Lililovamiwa na Maji ya Bahari

Mwongozo huu umeandikwa kwa ajili ya mwanakijiji wa Lindi au Mtwara mwenye jaruba la mpunga au shamba la chumvi lililoachwa, ambalo tuta lake limebomoka na sasa huingiwa na maji kila bamvua, yaani bahari inapojaa kupita kawaida. Haumhusu anayetaka kufyeka mikoko ili apate ardhi mpya. Mikoko ni msitu wa hifadhi, na Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004 inazuia shughuli za kudumu ndani ya mita 60 kutoka ufukweni, kwa hiyo safari ianzie kwa serikali ya kijiji na ofisi ya misitu kabla jembe halijainuliwa.

Kabla ya kuziba maji, pima tope. Tope la mikokoni lenye harufu ya mayai viza lina madini ya salfa, ambayo hayana madhara yakiwa chini ya maji, lakini yakikauka na kupigwa na hewa hugeuka kuwa tindikali kali inayounguza mizizi. Chukua tope kidogo, liache mahali penye hewa kwa wiki kadhaa huku ukilinyunyizia maji ili libaki na unyevu, kisha lipime kwa karatasi ya tindikali (pH). Kipimo kikishuka chini ya 4, au ukiona madoa ya njano kwenye mipasuko, acha bahari iendelee kulifunika. Wengi hupuuza hatua hii, na ndiyo inayowagharimu zaidi.

Kujenga tuta ni kazi ya nguvu tu: udongo wa mfinyanzi ushindiliwe tabaka kwa tabaka, na kimo chake kipite alama ya bamvua kubwa kabisa. Kazi ya akili imo kwenye mlango wa maji. Pitisha kalavati chini ya tuta, na katika ncha inayoelekea baharini ning'iniza ubao mzito wa mbao ngumu, wenye bawaba upande wa juu. Maji yanapojaa, bahari yenyewe huusukuma ubao ukafunga. Yanapokupwa, maji ya mvua yaliyojikusanya ndani huufungua na kutoka. Bawaba za chuma huliwa na kutu upesi, kwa hiyo mimi napendelea vipande vya tairi kuukuu vilivyokazwa kwa misumari ya shaba. Kagua ubao kila baada ya bamvua, kwa kuwa kijiti kimoja kilichokwama hapo kinatosha kurudisha chumvi ya msimu mzima.

Chumvi haiondolewi kwa jembe bali kwa maji baridi, yaani yasiyo na chumvi, nasi tuna msimu mmoja wa mvua, unaoanza Novemba au Desemba na kuishia Aprili au Mei. Chimba mifereji inayoelekea mlangoni, acha mvua isimame jarubani siku chache, kisha itoe, na urudie hivyo mvua zote. Udongo wa mfinyanzi uliolowa maji ya bahari hushika magadi na kukataa kupitisha maji. Ili kuutambua, tia bonge lake kavu katika chupa ya maji ya mvua: maji yakibaki machafu hadi kesho yake, udongo unahitaji jasi, ambayo kwa bahati nzuri huchimbwa hapa hapa Kilwa. Waholanzi nao walitumia jasi kuponya mashamba yao baada ya mafuriko ya bahari ya Februari 1953.

Usitarajie chakula mwaka wa kwanza. Huko Flevoland, Uholanzi, katika eneo la bahari lililokaushwa mwaka 1957, mbegu za matete zilimwagwa kwa ndege ili mizizi yake ikaushe tope, na serikali ikalima kwa miaka kadhaa kabla ya kuwakabidhi wakulima. Sisi tuache majani ya chumvichumvi yaote yenyewe, halafu msimu wa pili tujaribu mbegu za mpunga za SATO, zilizozalishwa kwa ajili ya ardhi ya namna hii. Mpunga wa kawaida huanza kupungua mavuno chumvi ya udongo inapopita desisimensi 3 kwa mita, kipimo ambacho bwana shamba anaweza kukusomea.

Nyumba zibaki mwinuko, na kisima kichimbwe huko huko, kifupi, kichotwe kwa ndoo, kwa sababu pampu huvuta maji ya chumvi yaliyolala chini ya maji baridi.