Kukata tiketi ya treni kwa Kiindonesia: maneno yatakayokutosha dirishani

Mwongozo huu ni wa treni za masafa marefu katika kisiwa cha Java, mathalani Jakarta kwenda Yogyakarta. Tiketi nyingi siku hizi hununuliwa kwenye Access by KAI, programu ya simu ya shirika la reli la Indonesia. Dirishani, yaani *loket*, huuzwa hasa tiketi za treni zinazokaribia kuondoka. Nenda na paspoti.

Hatua ya 1: Matamshi

Irabu hazitakusumbua, ila *e* mara nyingi humezwa: *berapa* (ngapi) husikika karibu na "brapa". Kazi iko kwenye *ng*. Ya kwao ni ile ya "ng'ombe", kwa hiyo *orang* (mtu) ni "orang'". Wakitaka ile ya "ngoma" huandika *ngg*: *Minggu* (Jumapili), sisi tungeandika "Mingu".

Hatua ya 2: Sentensi moja

Mwite karani *Pak* akiwa mwanamume, *Bu* akiwa mwanamke. Kijana ni *Mas* au *Mbak*. Kisha:

*Permisi, Pak. Saya mau beli tiket ke Jogja, dua orang, untuk besok pagi.*
Samahani, mzee. Nataka kununua tiketi za kwenda Yogyakarta, watu wawili, za kesho asubuhi.

Ishike hiyo, kisha badilisha vipande: *satu orang* (mtu mmoja), *hari ini* (leo), *lusa* (keshokutwa), *siang* (mchana), *sore* (alasiri), *malam* (usiku). Siku ikiwa mbali, taja tarehe: *tanggal dua belas*, tarehe 12. Kwenda na kurudi ni *pulang pergi*.

Hatua ya 3: Saa

Hapa ndipo Waswahili wengi hukosa treni, kwa sababu mitego ni miwili. Kwanza, wao hawahesabu saa kuanzia alfajiri kama sisi: *jam tujuh pagi* ni saa moja asubuhi, ingawa *tujuh* ni saba. Pili, *setengah* (nusu) huhesabiwa kuelekea saa inayofuata. *Jam setengah delapan* ni 7:30, yaani saa moja na nusu, ingawa *delapan* ni nane. Ukidhani ni 8:30, utafika treni imeshaondoka saa nzima iliyopita.

Angalia pia mpangilio: *jam tiga* ni saa tisa kwetu, lakini *tiga jam* ni muda wa saa tatu.

Uliza *Berangkat jam berapa?* (Inaondoka saa ngapi?), halafu usiridhike na masikio: *Tolong ditulis, Pak* (Tafadhali niandikie). Ataandika 07.30, na ubishi umekwisha.

Hatua ya 4: Bei

*Berapa harganya?* Namba: *satu, dua, tiga, empat, lima, enam, tujuh, delapan, sembilan, sepuluh*. Mia ni *ratus*, elfu ni *ribu*. Wanaochanganya huchanganya *belas* na *puluh*: *lima belas* ni 15, *lima puluh* ni 50. Na mazungumzoni *ribu* huachwa mara kwa mara. Ukisikia *dua ratus lima puluh*, toa rupia 250,000.

Hatua ya 5: Maswali ya karani

*Ekonomi atau eksekutif?* ni daraja. *Eksekutif* ina viti vipana zaidi na nauli ya juu. *Paspornya?* anataka paspoti. Kiti cha dirishani ni *kursi dekat jendela*.

Akisema *sudah habis*, zimeisha. Usiondoke bado, uliza *Ada kereta lain?* (Kuna treni nyingine?). Akienda mbio, mwambie *Tolong pelan-pelan* (polepole tafadhali).

Hatua ya 6: Kabla hujatoka dirishani

Soma jina herufi kwa herufi. Lazima lilingane na paspoti, maana hukaguliwa langoni. Soma tarehe. Kisha soma stesheni, tena kwa makini kuliko vyote: Jakarta kuna Gambir na Pasar Senen, Yogyakarta kuna stesheni ya Yogyakarta, ambayo watu huiita Tugu, na Lempuyangan. Kumwambia dereva wa teksi "stesheni" hakutoshi. Mtajie jina lililo kwenye tiketi. Ukishaingia, uliza *Jalur berapa?* ujue treni yako iko njia ya reli namba ngapi.