Kukimbia Peke Yako Mombasa Bila Kukimbizwa

Swali la kwanza utakaloulizwa ukianza kukimbia peke yako Mombasa, hasa ukiwa mama mtu mzima mwenye ushungi kama mimi, ni hili: "Mama, wakimbizwa na nani?" Vijana wa tuktuk hawachoki nalo. Mimi huwajibu "Na nyinyi!" nikaenda zangu. Ila swali lenyewe lina maana kuliko wanavyojua, maana wengi wetu tukitoka asubuhi kweli twakimbizwa: na saa ya mkononi, na kitambi, na kilomita ambazo mwenzetu alizirusha kwenye simu jana usiku. Mbio hizo hazina raha. Za raha zipo, na hapa mjini kwetu zina masharti yake.

Sharti kubwa ni upole. Hewa ya Mombasa ina unyevu mwingi, jasho halikauki, linatiririka tu bila kukupoza. Tarehe 24 Machi 2007 mbio za nyika za dunia zilifanyika hapa hapa, kwenye uwanja wa gofu ulio kando ya bahari, na fukuto la siku ile halikuwa la mchezo. Kenenisa Bekele wa Ethiopia, aliyekuwa akishinda kila mwaka tangu 2002, aliachia njiani, na Zersenay Tadese wa Eritrea akatwaa ushindi. Sasa kama Bekele alisimama, wewe na mimi twaona haya ya nini kutembea?

Kipimo changu cha upole ni uradi. Navuta pumzi kwa hatua tatu, naitoa kwa hatua tatu, na kila pumzi inayotoka naisindikiza na "Subhanallah" ya chini chini. Neno likikatika katikati, nimezidisha. Natembea mpaka pumzi irudi. Asiye Muislamu atie neno lake, au ahesabu tu. La muhimu ni mdomo na mguu viende pamoja, kwa sababu akili iliyopewa kazi hiyo ndogo haina nafasi ya kuzurura sana.

Itazurura, lakini. Utafika kwenye mibuyu ya barabara ya Mama Ngina, kando ya bahari, ukagundua umeshapanga ada ya shule na umeshagombana na wifi yako kichwani. Usijikaripie. Liite wazo kwa jina, "ada", "wifi", kisha rudi kwenye nyayo: kisigino kinaguswa vipi na lami, kokoto ngapi zasagika, wapi umekanyaga tunda la mwarobaini likapasuka. Spika za masikio ziache nyumbani. Utapoteza mengi ukiziba masikio: ufagio wa chelewa wa mama anayefagia barabara, kunguru wakigombania mfuko wa taka, mawimbi yakipiga mwamba huko chini.

Na kuna meli. Ukianzia eneo la Lighthouse ukaelekea upande wa feri ya Likoni, unakwenda njia moja na meli zinazoingia bandari ya Kilindini, na mlango wa bahari pale ni mwembamba hivi kwamba unaona kutu ubavuni mwa meli na nguo za mabaharia zilizoanikwa. Ikikukuta, kimbia nayo. Inaonekana kama haiendi, kumbe inakupita. Wacha ikupite. Mimi sijui raha inayoshinda ile ya kushindwa na meli ya makontena asubuhi, na wewe huna deni na mtu.

Saa nzuri ni baada ya sala ya alfajiri. Jua letu huchomoza kati ya saa kumi na mbili na saa kumi na mbili na nusu hivi mwaka mzima, na ikifika saa mbili kivuli kimeshakuwa mali. Lakini kama uko peke yako, ngoja kupambazuke kwanza, pita wanapopita wengine, na mtu mmoja nyumbani ajue njia yako. Huwezi kutulia moyo huku ukigeuka nyuma kila mara.

Wa Nyali na Bamburi nyinyi mna mchanga, na mchanga una bwana wake, nae ni maji. Kimbia yakiwa yanakupwa, kwenye mchanga ulioloa na kushikana. Yakijaa utasukumwa kwenye mchanga laini na vifundo vitalalamika. Kila siku maji huchelewa kama dakika 50, na mwezi ukiandama au ukiwa mpevu ni bamvua, yanajaa sana na kupwa sana. Mwenye kufuata tarehe za mwezi mwandamo hahitaji programu ya simu. Upepo nao ujue: wakati wa kusi, upepo utokao kusini, anza kwa kuelekea kusini ili upepo uupokee usoni ukiwa na nguvu, urudi ukisukumwa. Kaskazi, ule utokao kaskazini, ikiingia, geuza.

Ukimaliza usikimbilie kuoga. Tembea mpaka moyo ushuke, kisha mtafute muuza madafu. Mwambie akuchagulie lenye nyama laini, akupasulie ukishamaliza maji, na akuchongee kijiko kwa kipande cha ganda lile lile. Kula umesimama. Mahamri na mbaazi vitangoja nyumbani.